Sura ya Sita: Watu wa Istanbul na Picha Zao

Katika furaha nyingi anazoruzukiwa msafiri, hakuna ninayoitukuza mimi kama ile ya kumtazama mwanadamu mwenzangu, katika mji nisiokuwa mwenyeji wake, akijiweka sawa mbele ya kamera. Kwa kuwa mtu yule yule ambaye dakika moja nyuma alikuwa akijikuna shingo na kugombea bei ya vitunguu, ghafla huwa amiri wa jeshi, au sharifu, au mwanachuoni aliyezama katika fikira, na mageuzi hayo hutimia kabla mpiga picha hajawahi kufumba jicho moja. Nimecheka kicheko kingi kwa sababu ya jambo hili, na kila nilipocheka mapenzi yangu kwa watu yalizidi. Sura hii nimeuwekea mji wa Istanbul, ambao misikiti yake na makasri yake yamekwisha sifiwa katika vitabu vingi, lakini watu wake na picha zao hawajapewa haki yao. Dai langu ni moja, nami nalisema tangu sasa ili msomaji alipime kwa mifano: mwenye uso ndiye mwenye picha, na mgeni ashikaye kamera hupata picha iliyo bora pale anapomwachia mwenye uso achague kwanza namna anavyotaka kuonekana.

Sisi watu wa pwani adabu hii tumezaliwa tukaikuta. Ranchhod Oza alipofungua studio yake ya Capital Art mjini Unguja mwaka 1930, na vivyo hivyo katika studio nyingine za Mombasa na Lamu, mteja ndiye aliyekuwa mwenye amri: alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akachagua kiti cha kukalia, akaipandisha mikono ya koti ili saa yake ionekane, na mpiga picha akatii. Pale Likoni, katika vibanda vya karibu na kivuko, wapiga picha walitundika mapazia yaliyochorwa majumba ya ghorofa, meli na ndege, ili mchukuzi aliyetoka bara kutafuta kazi apigwe picha akishuka katika ndege ambayo hajapata kuipanda, kisha aipeleke kwao kwa salamu. Hakudanganywa mtu. Jamaa waliopokea picha ile walijua kuwa ndege ni ya rangi na kitambaa, na walifurahi vile vile, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta ni uso wa kijana wao na dalili kwamba anakula vizuri.

Ugenini mambo hupinduka. Kamera hushikwa na mgeni, naye huja na picha zake tayari kichwani: anamtaka mvuvi aliyechanika kanzu, anamtaka ajuza mwenye makunyanzi, anamtaka mtoto mwenye vumbi, ilhali mvuvi anataka kuonekana na koti lake jipya, ajuza anataka kwanza akabadilishe ushungi, na mtoto anataka kupigwa picha akiwa juu ya pikipiki ya mjomba wake. Katika mvutano huo wa siri, ambao aghalabu hauna maneno, ndimo kinamozaliwa kicheko chote nitakachokisimulia.

Tuanze darajani. Daraja la Galata, ambalo hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1994 baada ya lile la mwaka 1912 kuharibiwa na moto, limekatiza maji ya Pembe ya Dhahabu kutoka Eminönü hadi Karaköy, na juu yake, usiku na mchana, jua na mvua, wamesimama wavuvi wa mshipi bega kwa bega, na fito zao zimeinama juu ya ukingo mfano wa msitu uliopigwa na kusi. Chini ya daraja, katika ghorofa iliyo karibu na maji, ipo safu ya mikahawa ya samaki. Na mlaji aliyeketi dirishani huona jambo ambalo sidhani kama lipo katika mji mwingine, yaani samaki mzima akipanda angani mbele ya macho yake, akipigapiga mkia, akielekea juu kwa mvuvi asiyeonekana, wakati ndugu yake samaki huyo amekwisha kaangwa na kulazwa sahanini pamoja na limau. Nilimwona mtoto mmoja pale aliyekataa katakata kuendelea kula mpaka baba yake amhakikishie kuwa hawa wawili hawakuwa wakijuana.

Nikamwendea mzee mmoja juu ya daraja, mwenye kofia ya sufi na masharubu meupe, nikamwonyesha kamera na kuinua nyusi kwa kuomba ruhusa. Akainua kiganja: ngoja. Akafunga vifungo vya koti kuanzia chini hadi shingoni, akaivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena kwa upande mwingine. Kisha akatazama ndani ya ndoo yake, ambamo mlikuwa na vidagaa vichache visivyozidi urefu wa kidole, na uso wake ukaingia huzuni. Akaitazama ndoo ya jirani. Jirani alikuwa amepata lüfer mmoja, samaki anayeheshimiwa sana na watu wa mji ule, mnene na mwenye kung'aa. Pakatokea majadiliano marefu kati yao, ambayo nilifasiriwa na kijana muuza chambo aliyekuwa akijua Kiingereza kidogo. Mzee alitaka kuazima samaki kwa muda wa picha. Jirani hakukataa, maana jirani mwema hakatai, ila aliweka sharti kwamba baadaye na yeye apigwe na samaki wake mwenyewe, ili isije ikasemwa kwamba lüfer yule alivuliwa na mwingine. Mvuvi wa tatu, aliyekuwa akisikiliza, akasema kwamba chambo kilichomnasa samaki yule kilitoka katika kopo lake, na kwa hivyo hisa yake ilikuwa bayana. Wa nne hakuwa na hoja yoyote. Alisimama tu kwenye foleni. Samaki akapita mkono hata mkono, kila mvuvi akimshika kwa mikono miwili, akimsogeza mbele kuelekea kamera ili aonekane mkubwa zaidi, na kila mmoja akikaza uso kwa taadhima ya mtu anayekula kiapo, na paka wawili wa darajani wakiifuata ile foleni kwa nidhamu kubwa kuliko yetu sote.

Karibu na daraja, upande wa Sirkeci, pana maduka ya vifaa vya kamera na ya kusafishia picha, na kesho yake niliwapelekea kila mmoja nakala yake. Hakuna aliyeitazama picha ya mwenzake mpaka alipokwisha kuitazama yake kwa kina. Kisha ukaanza mjadala mpya, mkali kuliko ule wa kwanza, kuhusu ni mikononi mwa nani samaki ameonekana mkubwa. Mzee wa kofia ya sufi alishinda kwa kura ya wengi, na mwenye samaki aliikubali hukumu. Yule mzee akaiweka picha katika mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote tena hadi shingoni, na akakataa chai yangu, akaninunulia yeye. Najua kwamba mgeni mwingine angelimpiga picha akiwa ameinama, hajui, na ndoo yake ya vidagaa, na picha ile ingesifiwa kwa ukweli wake. Mimi nasema ukweli wa mzee yule ulikuwamo pia katika vile vifungo.

Kutoka Eminönü nilizoea kupanda kivuko cha kwenda Üsküdar, upande wa Asia, safari fupi inayotosha bilauri moja ya chai. Muuza chai hupita na sinia iliyojaa bilauri ndogo za kiuno chembamba, chombo kinayumba, yeye hayumbi, na asimwage tone. Nyuma ya kivuko shakwe huandama kwa makundi, kwa kuwa abiria huwarushia vipande vya simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta. Na wageni wote, na wenyeji wengi pia, hutaka picha ya shakwe akiudaka mkate hewani. Jicho likiwa kwenye kamera, mkono wenye mkate husahauliwa, umenyooka tu nje ya ukingo, na shakwe, ambao elimu hii wameipata zamani, hawana haja tena ya kudaka kinachorushwa. Huja wakajichukulia mkononi.

Na ng'ambo ya pili, pwani ya Salacak, watu huketi juu ya ngazi zilizowekewa mito, wakinywa chai na kuukabili Mnara wa Binti, ambao Waturuki huuita Kız Kulesi, umesimama peke yake juu ya kisiwa kidogo kama ulivyosimama katika hadithi zao nyingi. Hapo utaona ile michezo ya macho inayofanyika Pisa na penginepo: mume huinua kidole gumba na cha shahada, mke hurudi nyuma na simu, ili katika picha aonekane ameushika mnara mzima kwa vidole viwili. "Juu kidogo! Kushoto! Umeuponda! Haya, uinue tena!" Apitaye kando, asiyeuona mnara kutoka pale kamera ilipo, huona kitu kingine kabisa, yaani safu ya watu wazima, waheshimiwa, baadhi yao na watoto wao, wakiifinya hewa kwa makini makubwa na kuulizana kama wameipata.

Balat ni mtaa wa milimani kando ya Pembe ya Dhahabu, wa nyumba nyembamba zilizoshikana, zenye madirisha yaliyotokeza mbele na rangi za kila namna, mtaa ambao kwa karne nyingi ulikuwa makazi ya Mayahudi wa mji ule na ambao sasa unapendwa mno na maharusi. Mwisho wa juma huwezi kupanda kilima cha Balat bila ya kukanyaga shela la mtu. Bwana harusi huwa ameshika viatu vya bibi harusi, ndugu mmoja ameshika mkia wa gauni, wa pili ameshika ngao ya kurudisha mwanga, na mpiga picha amelala chali juu ya mawe ya njia akiwaamuru wapendanao wasimwangalie yeye.

Siku niliyofika mimi, maharusi walikuwa wamesimamishwa mbele ya nyumba ya rangi ya waridi, na juu yao, kutoka dirisha la ghorofa ya pili, akatokea mwanamke wa makamo ya nyanya zetu na kapu la nguo mbichi. Kamba yake ilikuwa imevuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, na bila ya kutazama chini akaanza kuanika, soksi baada ya soksi. Mpiga picha akainuka, akaunganisha viganja vyake, akamsihi: dakika mbili tu, mama. Bibi yule akawatazama maharusi kwa muda, akawatazama sana, kisha akatoweka na kapu lake. Sote tulidhani ameridhia. Mara mlango wa chini ukafunguka, akatoka na vibanio vitatu mdomoni, akamgeuza bibi harusi kwa mabega, akalivua shela, akalirudisha upya nyuma ya masikio, akalibana, akarudi hatua mbili kulikadiria, akaongeza kibanio cha tatu, akamwambia bwana harusi asimame wima. Kisha akapanda zake juu. Zile soksi alizihamishia mwisho wa kamba. Lakini yeye mwenyewe alirudi dirishani, safari hii amejifunga ushungi wa hariri, akaweka kidevu kiganjani, akatulia. Mpiga picha akamsihi tena, kwa upole mkubwa, kwamba alikuwa ndani ya picha. Mwenyeji aliyefuatana nami akanifasiria jibu lake: "Mwanangu, nyumba yangu imo ndani ya picha, mimi nitoke?"

Bibi harusi ndiye aliyekata shauri. Alisema abaki. Na naamini kabisa kwamba katika albamu ya maharusi wale, miongoni mwa picha zote za siku ile, hakuna itakayotazamwa zaidi kuliko ile yenye hariri dirishani.

Tena tusidhani kwamba haja hii ya kuchagua namna ya kuonekana ni ya wavuvi na mabibi wa dirishani peke yao. Sultani Abdulhamid wa Pili, aliyetawala kutoka mwaka 1876 hadi 1909, alikuwa akijifungia sana katika kasri lake la Yıldız, lakini aliipenda mno picha, akawatuma wapiga picha katika milki yake wakamletee yale asiyokwenda kuyaona. Katika miaka ya 1890 akapeleka hidaya ya albamu 51, zenye picha 1,819, kwa Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, na hidaya nyingine ya namna hiyo hiyo London. Ndani yake mna skuli na wanafunzi waliosimama kwa safu, mahospitali, wazima moto na mitambo yao, makasri, farasi wazuri wa zizi la kifalme. Wakati ule magazeti ya Ulaya yalikuwa yakiichora dola yake kwa sura ya mgonjwa anayengoja kufa. Naye akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, akaazima samaki mkubwa kuliko wote aliyekuwa naye, akasema: hivi ndivyo tulivyo. Haikuwa kweli yote, bali na picha za Ulaya nazo hazikuwa kweli yote, na mtu mwenye insafu atazitazama zote mbili pamoja.

Kiumbe pekee wa Istanbul asiyebadilika mbele ya kamera ni paka. Katika Hagia Sophia aliishi paka wa kike aitwaye Gli, mwenye macho ya kijani yaliyoelekeana kidogo, aliyezaliwa mwaka 2004. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alipozuru jengo lile akamwinamia na kumpapasa, na wapiga picha wa dunia wakimiminika, Gli alipokea heshima ile kwa utulivu ule ule aliokuwa akipokea nao joto la taa. Jengo lilipofanywa tena msikiti mwaka 2020 akaachwa abaki, na akafa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mwingine alikuwa Tombili wa mtaa wa Ziverbey, Kadıköy, paka mnene aliyepigwa picha moja tu iliyoenea ulimwenguni, ameegemea ukingo wa njia kwa kiwiko, tumbo mbele, kama bwana aliyemaliza pilau na anangoja kahawa. Alipokufa mwaka 2016 watu wa mtaa waliomba akumbukwe, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo ikazinduliwa sanamu yake ya shaba katika mkao ule ule na pahala pale pale. Mwezi uliofuata ikaibiwa, mji ukapiga kelele, na mwizi akairudisha. Wageni sasa huja kupigwa picha kando yake, na karibu wote hujaribu kuegemea kama yeye, na hawawezi.

Hapana budi nimtaje Ara Güler, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1928 na kufa humo mwaka 2018, ambaye aliwapiga picha watu wa Istanbul, wapagazi, wavuvi wa Kumkapı, abiria wa vivuko, kuliko mtu mwingine yeyote, na ambaye hakupenda kuitwa msanii, kwa maana alijihesabu kuwa mwandishi wa habari anayeihifadhi tarehe kwa macho. Mwaka 1958 alitumwa kupiga picha za bwawa la Kemer katika nchi ya Aydın. Dereva akapotea njia, usiku ukawaingilia, wakaona mwanga wa taa katika kijiji kiitwacho Geyre, wakaingia mkahawani. Wanaume wa kijiji walikuwa wakicheza. Na meza walizochezea zilikuwa vichwa vya nguzo za marumaru za Kirumi. Kulipokucha akaona kwamba kijiji kizima kilikuwa kinaishi ndani ya mji wa kale, magofu yamekuwa kuta za nyumba na vyombo vya kazi za kila siku. Picha alizopiga zilikwenda mbali, na mwaka 1961 mwanachuoni Kenan Erim akaanza kuufukua mji ule, Aphrodisias, ambao tangu mwaka 2017 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni huutazama leo kwa heshima, kimya, wasiguse kitu. Mimi kila nikiona picha zile huwatazama kwanza wale wanaume, ambao mgeni aliingia kutoka gizani na kamera, wakampisha pahala pa kukaa, na mchezo ukaendelea.

Güler ananifundisha njia ya pili, nami naikubali. Mpiga picha ama amwachie mtu ajipambe apendavyo, ama aketi naye muda mrefu, anywe chai yake, asikilize habari za bei na za wakwe, mpaka yule mtu achoke kumwona na arudie shughuli zake. Njia hizi mbili ni za heshima na zote hutoa picha njema. Iliyobaki, ile ya kujibanza nyuma ya nguzo na kumnyakua mtu asijue, kisha kukimbia, ni wizi, hata kama picha ni nzuri. Na sisi ambao mama zetu wamegeuza nyuso ukutani katika vichochoro vya Lamu na Unguja kwa kumkwepa mgeni wa namna hiyo, hatuna udhuru wa kuufanya wizi huo kwa mama wa watu wengine.

Najua kwamba wengi wa wasomaji wangu huenda Istanbul kwa biashara, na siku zao zote huishia Laleli, katika maduka ya jumla, wakihesabu majora na viatu. Nawaomba wapate asubuhi moja. Nendeni darajani, ombeni ruhusa kwa jicho na kwa mkono, subirini vifungo vifungwe. Na kabla hamjafunga mizigo, piteni Sirkeci, safisheni nakala, mumpelekee mwenyewe mkononi mwake. Gharama yake haifiki bei ya sahani moja ya samaki pale chini.